Sola za kikaboni: kikwazo ni molekuli, uhai wake, au bei ya silikoni? Watu wa Kusini tujadili

#1 Kitangari_Kemia (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha kemia sekondari huku Newala. Wiki iliyopita nilikuwa na kidato cha sita kwenye mada ya polima. Nikawaeleza kwamba zipo plastiki zinazopitisha umeme, na kwamba Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Binti mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni plastiki na inayeyuka ikawa wino, kwa nini sola isichapishwe kama khanga?" Kengele ikalia kabla sijamjibu, na swali nimelala nalo mpaka leo.

Jibu fupi ni kwamba inachapishika. Ching Tang, akiwa Kodak, alionyesha mwaka 1986 sola ya tabaka mbili za rangi za kikaboni iliyogeuza karibu asilimia 1 ya mwanga kuwa umeme. Baada ya hapo watu walihangaika na fulerini (molekuli za kaboni zenye umbo la mpira) miaka mingi. Mwaka 2019 kundi la Zou Yingping kule China likaleta molekuli inayoitwa Y6, sola ikafika asilimia 15.7, na leo maabara zinavuka 20. Jua tunalo la kumwaga. Basi mbona sijaona paa hata moja, Newala, Tandahimba wala Mtwara mjini, lenye kitu hicho?

Hoja yangu, na mnipinge: hizi molekuli zinabuniwa kwa ajili ya kuvunja rekodi, si kwa ajili ya kupikwa kwa wingi. Molekuli za jamii ya Y6 zina msururu mrefu wa hatua za kuzipika. Chukua hatua 10, kila moja ikupe asilimia 80, ambayo ni nzuri tu. Mwisho unabaki na kama 11 kwa kila 100 ulizoanza nazo. Ukiwa na hatua 3 kwa ubora uleule, unabaki na 51. Tofauti ya bei iko hapo, kabla hata hatujaongelea kiwanda.

Kwa hiyo swali: molekuli ya bei ndogo ibuniweje? Karibuni.

#2 Kijana_Nachingwea

Nimetandika mkeka, nasubiri wenye kemia yao.

#3 FundiSola_Masasi

Mwalimu nakuheshimu, ila mimi nafunga sola mwaka wa tisa sasa na naona umeshika mkia wa ng'ombe badala ya pembe.

Mteja wangu akija dukani anauliza maswali mawili, bei gani na itakaa miaka mingapi. Haulizi hatua za kemia. Paneli ya silikoni inakuja na dhamana ya kutoa umeme miaka 25. Na bei imeporomoka: mwaka 2024 kiwandani China wati moja ilikuwa chini ya senti 15 za dola. Hiyo molekuli yako hata ukiipika kwa hatua moja, utashindana na hiyo bei? Kilichoiua sola ya plastiki ni silikoni kuwa rahisi. Basi.

#4 Mtulivu_Lindi

Naungana na fundi. Halafu hizi mpya nasikia zina risasi ndani, madini yale ya sumu. Zimefika asilimia 26 lakini mvua ikipiga risasi inashuka kisimani. Sisi wa visima vya Lindi tutapona?

#5 Nusu_Nanomita

Mtulivu, umechanganya ndugu yangu. Yenye risasi na asilimia 26 inaitwa perovskaiti. Ilianza Japani mwaka 2009 na kundi la Miyasaka, asilimia 3.8 tu. Ni ukoo mwingine. Anayoiongelea mwalimu ni ya kaboni, haidrojeni, naitrojeni, salfa, oksijeni, na florini kidogo. Hakuna risasi.

Mimi ni mzaliwa wa Ndanda, kwa sasa niko Ujerumani masomoni, na kazi yangu ya kila siku ni hizi. Niwaeleze zinavyofanya kazi, maana bila hilo tutabishana hewani.

Kwenye silikoni, mwanga ukiipiga elektroni inaondoka zake. Kwenye kikaboni haiondoki. Inabaki imeng'ang'aniana na tundu lake, yaani nafasi iliyoiacha, kama watoto wawili walioshikana mikono sokoni Chikongola siku ya gulio. Tunaita eksitoni. Hao wawili wanatembea kama nanomita 10 tu (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni), wasipopata pa kutengania wanarudiana na mwanga wote umepotea bure. Ndiyo maana tunachanganya vitu viwili, kimoja kinatoa elektroni na kingine kinapokea, vikiwa vimesukana kwa ndani kama ukili, ili kila eksitoni ikute mpaka karibu yake.

Sasa ubunifu wa molekuli unaanzia hapo. Mtoaji na mpokeaji lazima ngazi zao za elektroni, yaani za nishati, zipishane kwa kiasi. Zikipishana sana unapoteza volti, zikipishana kidogo mno elektroni haihami. Scharber na wenzake mwaka 2006 walitoa kanuni rahisi: chukua ngazi ya juu iliyojaa ya mtoaji, toa ngazi ya chini iliyo tupu ya mpokeaji, punguza 0.3, umepata volti zako kwa kukadiria. Uzuri wa Y6 ni kwamba inatenganisha eksitoni hata pengo likiwa dogo kuliko tulivyozoea.

Kuhusu bei mwalimu ana hoja, ila si yote. Nitarudi.

#6 Kitangari_Kemia

Asante sana Nusu. Huo mfano wa ukili naupeleka darasani kesho asubuhi.

#7 Chikongola_Hesabu

Jamani, kabla hamjamaliza, tupige hesabu. Mimi ni mtu wa stoo, kazi yangu kupima.

Nimesoma kwamba tabaka la hiyo rangi ni nanomita 100 hivi. Mita moja ya mraba kwa unene huo ni sentimita moja ya ujazo ukiigawa mara kumi. Uzito wake kama gramu 0.1. Yaani gramu MOJA inafunika mita za mraba 10. Bati la mita 3 lina kama mita za mraba mbili na nusu, kwa hiyo gramu moja inapaka bati nne!

Sasa hata iwe ghali vipi, gramu moja ya kupaka bati nne itaumiza nani? Naona mwalimu umekosea shabaha.

#8 Kijana_Nachingwea

Stoo kapiga penyewe. Mwalimu jitokeze.

#9 Nusu_Nanomita

Hesabu ya Chikongola ni sahihi, na nimefurahi mtu kaipiga. Ila malizia.

Kwenye katalogi za kemikali za maabara vitu hivi huuzwa kwa miligramu, na ukivigeuza kuwa gramu ni ghali kuliko dhahabu kwa mbali. Tuseme gramu moja ni dola 1,000. Mita moja ya mraba inakula dola 100 za rangi peke yake. Jua kali la mchana ni wati 1,000 kwa mita ya mraba, sola ya asilimia 10 inakupa wati 100. Kwa hiyo rangi tu imekugharimu dola 1 kwa wati. Fundi wa Masasi kasema silikoni nzima, pamoja na kioo na fremu, ni chini ya senti 15. Umeshashindwa kabla hujanunua kitu kingine. Ukiishusha gramu hadi dola 10, inakuwa senti 1 kwa wati. Hapo unaongea.

Na hiyo ni kama hakuna wino unaomwagika. Kwenye kuchapa kila siku unamwagika.

Kwa hiyo bei ya molekuli ina uzito, lakini kupunguza hatua peke yake hakutoshi. Mwaka 2015 Waitaliano, Riccardo Po na wenzake, walitengeneza kipimo cha ugumu wa kupika molekuli. Walihesabu idadi ya hatua, mavuno, kazi za kutenga na kusafisha, mara ngapi unapitisha kwenye safu ya silika (bomba lenye unga wa kutenganishia), na kemikali ngapi ni za hatari. Hiyo safu niwaambie ndiyo inayonitesa. Juzi nilisafisha nusu gramu ya unga wa bluu iliyokolea kama bluu ya kufulia, na nikatumia lita kadhaa za kiyeyusho. Nilisimama saa tano naangalia mstari wa bluu ukishuka kwenye bomba la kioo polepole, mstari wa zambarau unaufuata nyuma, na nikizubaa vimechanganyika. Kiwandani nani atasimama pale? Molekuli ya bei ndogo ni ile unayoimimina, inaganda fuwele safi, unachuja, umemaliza.

#10 Kitangari_Kemia

Nakubali marekebisho. Kwa hiyo sheria ya kwanza: isafishike kwa kuganda. Naandika.

#11 Nusu_Nanomita

Na nyingine nikurekebishe mwalimu, umeongea kana kwamba zote nzuri zina hatua kumi. Mwaka 2018 kundi la Li Yongfang lilitoa polima ya kutoa elektroni inayoitwa PTQ10. Hatua 2 tu, mavuno juu ya asilimia 80, na sola yake ilivuka asilimia 12 wakati huo. Upande wa wapokeaji watu wameanza kuacha pete zilizoungwa pamoja na kutumia pete mojamoja zilizopangwa zikae bapa zenyewe. Hou Jianhui na wenzake walifika zaidi ya 15 kwa njia hiyo mwaka 2021. Kwa hiyo njia ipo, si ndoto.

#12 MamaBangua_Mtwara

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi nina kikundi cha kina mama tunabangua korosho. Kemia siijui ila nawafuata vizuri, na nina swali la dhati.

Sisi maganda tunayo milima. Mafuta ya ganda mnayajua, yanababua. Hapa ninapoandika kidole gumba cha kushoto ngozi imetoka kama ganda la kitunguu, na nilipaka majivu na mafuta ya nazi kabla ya kuanza. Nilikuwa nasikia mafuta yale yanatengeneza rangi na breki za magari. Sasa kama ni kaboni mnayotafuta, ya bei ndogo, kwani hiyo siyo kaboni?

#13 Kijana_Nachingwea

Mama kamaliza uzi.

#14 Kitangari_Kemia

Marahaba... hapana, shikamoo wewe mama! Swali lako ndilo nililotaka kulileta baadaye, umenitangulia.

Mafuta ghafi ya ganda, sehemu kubwa ni asidi ya anakadi. Ukiyachemsha inatoa kaboni dioksaidi na kubaki kadanoli. Kadanoli ni pete ya fenoli yenye mkia wa kaboni 15. Yaani ganda la korosho linakupa bure mkia mrefu ambao wenzetu wanaununua. Na wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi na mafuta haya miaka mingi, si jambo geni kwetu.

Kwa nini mkia? Kwa sababu pete bapa za kikaboni peke yake haziyeyuki. Zinalaliana kama chapati zilizopoa. Ili ziwe wino lazima ziwe na mikia inayozitenganisha kidogo. Kila molekuli aliyoitaja Nusu ina mikia. Nauliza kwa moyo wote: kwa nini mkia usitoke Tandahimba?

#15 Nusu_Nanomita

Mwalimu, nimesoma hii mara tatu. Mwili wangu ulisisimka kidogo, kusema kweli, maana nimekulia kwenye mikorosho.

Si wazo tupu. Kuna wakemia wa Italia waliotengeneza porfirini na hata viambata vya fulerini kutokana na kadanoli, na porfirini ni rangi inayonyonya mwanga. Kwa hiyo kuunganisha kunawezekana.

Shida ninazoziona ni hizi. Kadanoli si kitu kimoja. Mkia wake una mchanganyiko: usio na vifungo maradufu, wenye kimoja, wenye viwili, wenye vitatu. Vifungo hivyo vikiachwa kwenye sola vitashambuliwa na oksijeni juani, kama mafuta ya kula yanavyochacha. Lazima uvijaze haidrojeni kwanza, hiyo ni hatua nyingine na inataka kichocheo. Pia mkia wa korosho umenyooka. Mara nyingi tunapenda mkia wenye tawi, kwa sababu unazuia molekuli kuganda mabonge makubwa. Bonge likizidi zile nanomita 10, wale watoto wa sokoni hawafiki mpakani. Na mkia wenyewe haunyonyi mwanga. Ukiwa mrefu sana unajaza nafasi bure.

Lakini kama nyongeza ya sehemu tu ya molekuli? Nisingeitupa.

#16 MamaBangua_Mtwara

Asante baba. Kwa hiyo yachemshwe, yajazwe hewa ya haidrojeni, halafu yachujwe. Hizo hatua tatu. Mwalimu alisema hatua tatu zinabakiza nusu.

#17 Chikongola_Hesabu

Mama anafuatilia kuliko sisi wote.

#18 FundiSola_Masasi

Mnapendeza, ila mmeruka swali langu: UHAI. Hata mkizipika kwa ganda la korosho bure, zikikaa miezi sita zimekufa, nitamwambia nini mteja wa Nanyamba aliyeuza gunia zake mnadani akanilipa taslimu?

Mwaka juzi mteja aliniletea kipaneli chembamba cha kukunja alichonunua mtandaoni. Sijui kilikuwa cha aina gani ndani, hakikuandikwa. Alikitandika juu ya banda la kuku. Msimu wa mvua ukapita. Nilipokibandua pembeni, unyevu ulikuwa umeingia chini ya plastiki na kutengeneza ramani nyeupe kutoka ukingoni kuelekea katikati, na pale ramani ilipofika hapakuwa na umeme. Katikati palikuwa bado pazima! Kilichokufa kilianzia ukingoni. Kwa macho yangu mimi tatizo ni gundi na plastiki ya kufunikia.

#19 Binti_Shangani

Fundi, na mimi nakuunga mkono kwa njia ya khanga.

Nakaa Shangani karibu na bahari. Nina khanga nyekundu pea moja, kipande kimoja nilikifanya pazia la dirisha la magharibi, kingine navaa. Miaka miwili. Nilivyovikutanisha juzi huwezi kuamini ni pea moja, cha dirishani kimekuwa rangi ya waridi iliyopauka. Nikachungulia upindo wa pazia, ndani ya mshono bado nyekundu ileile ya dukani. Jua limekula rangi. Sasa hizi sola si ni rangi? Mtazipaka kwenye bati la Mtwara, jua lizipige saa kumi kwa siku, kwa nini zisipauke kama khanga yangu?

#20 Nusu_Nanomita

Binti Shangani umeeleza jambo ambalo watu wanaandikia tasnifu.

Ndiyo, zinapauka. Kwenye wapokeaji wa jamii ya ITIC (iliyoitangulia Y6) na Y6 tunajua hata panapovunjika: pale shina linapoungana na ncha, kuna kifungo maradufu kati ya kaboni na kaboni. Mwanga wa urujuanimno (ule mkali wa jua usioonekana kwa macho) ukiwepo, na chini yake pakiwa na tabaka la oksidi ya zinki ambalo watu wengi hulitumia, kifungo kile kinakatika. Kwa hiyo muuaji mmojawapo ni jirani tuliyempanga wenyewe. Ukimbadilisha jirani, au ukazuia ule mwanga kwa kichujio, uhai unaongezeka.

Hapo ndipo natofautiana na fundi kidogo. Gundi ni muhimu, lakini molekuli dhaifu utaifunika kwa plastiki ya bei mbaya, na plastiki nzuri ya kuzuia hewa na unyevu ni ghali. Molekuli imara inakuruhusu kutumia kifuniko cha kawaida. Bei yote imeunganishwa.

#21 FundiSola_Masasi

Na mimi nasema kifuniko kizuri kinakuruhusu kutumia molekuli ya kawaida. Tumetoka sare.

#22 Mzee_wa_Ruangwa

Nimewasoma vijana wangu. Nyote mmesahau nguzo za nyumba. Umeme ukishapatikana unatolewaje? Mbele kunahitajika kitu kinachopitisha mwanga na umeme pamoja, na wanatumia oksidi ya indiamu na stani (madini ya bati). Indiamu ni adimu, inapatikana kama mabaki ya kuchenjua zinki. Nyuma wanapaka madini ya fedha. Hapo ndipo pesa inapoishia, si kwenye wino.

Sisi Ruangwa na Nachingwea tuna kinywe ardhini. Kinywe ni kaboni inayopitisha umeme. Uji mzito wa kaboni unaweza kukaa mahali pa madini ya fedha upande wa nyuma. Nimefanya kazi ya uchimbaji, nimeshika vipande vya kinywe mkononi. Ukisugua kwa kidole kinang'aa kama sufuria jipya na weusi wake hautoki kwa sabuni siku mbili.

#23 Kitangari_Kemia

Shikamoo mzee. Ganda kutoka Tandahimba, kinywe kutoka Ruangwa! Ila kinywe cha ardhini kinahitaji kusafishwa na kusagwa sana, na mbele bado tunahitaji kitu kinachopitisha mwanga. Kinywe ni cheusi.

#24 Mzee_wa_Ruangwa

Marahaba. Nimesema nyuma, mwalimu. Soma tena.

#25 Kitangari_Kemia

Kweli mzee, umesema nyuma. Naomba radhi.

#26 Mtulivu_Lindi

Swali la salfa. Nusu kasema molekuli hizo zina salfa. Je, ni ileile salfa tunayopulizia mikorosho? Kama ni hiyo si tunayo maghalani.

#27 Kitangari_Kemia

Elementi ni ileile. Ila kwenye molekuli imefungwa ndani ya pete, inaitwa thiofini, atomu nne za kaboni na moja ya salfa. Salfa yenyewe si ghali popote, inapatikana kwa wingi kwenye kusafisha mafuta na gesi. Ghali ni kuunganisha pete moja na nyingine. Njia iliyozoeleka inatumia viambata vya stani, ambavyo ni sumu na vinaacha takataka. Ipo njia mpya ya kuunganisha bila stani, inapunguza hatua na sumu pia.

#28 FundiSola_Masasi

Kwenye salfa niongeze la kwangu. Msimu wa kupulizia, kuanzia mwezi wa sita, vumbi lile la njano linatua kwenye paneli zote za Tandahimba. Wateja wananipigia "fundi, sola imeharibika." Nafika, napitisha kitambaa chenye maji, imepona. Futeni paneli zenu.

#29 Pwani_ya_Kilwa

Naona wote mnaongelea paa. Mimi navua dagaa, Kilwa Kivinje. Taa zetu usiku zinataka umeme na chombo hakitaki uzito. Paneli ya kioo ya wati 100 ni kilo sita hadi nane, ikianguka imepasuka, na chumvi inakula nati za nyuma mpaka zinageuka unga wa kijani. Mimi ningenunua ya kukunja hata ikikaa miaka mitatu. Wavu wa kuvulia nao haukai miaka 25, mbona tunaununua? Fundi unamuuliza mteja wa paa. Muulize na wa bahari.

#30 Chikongola_Hesabu

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu. Gharama ipigwe kwa uniti za umeme utakazovuna, si kwa wati. Ikikaa miaka 3 badala ya 25, lazima iwe rahisi karibu mara nane. Isipokuwa pale ambapo kioo hakiwezi kwenda kabisa.

#31 FundiSola_Masasi

Kwa chombo cha baharini nakubali. Kwa paa bado.

#32 Nusu_Nanomita

Na joto msilisahau. Silikoni ikizidi nyuzi 25 inapoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Kwenye bati la Masasi saa saba mchana paneli inafika 60, umeshapoteza kama asilimia 14 ya nguvu yake. Nyingi za kikaboni hazishuki hivyo. Pia kwenye mwanga hafifu, hata wa taa ndani ya nyumba, zinafanya vizuri.

#33 Mtulivu_Lindi

Kama ni nzuri hivyo, mbona kampuni ya Konarka ya Marekani, ambayo Heeger mwenyewe wa Nobeli alikuwa mmoja wa waanzilishi, ilifilisika mwaka 2012?

#34 Nusu_Nanomita

Ilifilisika kweli. Wakati ule bado ilikuwa enzi ya fulerini, ufanisi mdogo, na ndiyo miaka bei ya silikoni ilianguka vibaya. Hapo fundi ana haki yake. Lakini kampuni ya Heliatek kule Dresden waliendelea kutengeneza baada ya hapo, wao walitumia molekuli ndogo zinazopakwa kwa mvuke kwenye ombwe, hawakuchapa kwa wino.

#35 Ligula_Kompyuta

Samahani nimechelewa. Kwa nini mnakisia molekuli wakati kompyuta zinaweza kuchagua? Harvard walikuwa na mradi ulioanza mwaka 2008 chini ya Aspuru-Guzik, watu wa kawaida duniani wakakopesha muda wa mapumziko wa kompyuta zao kupitia World Community Grid. Mwaka 2013 waliweka wazi molekuli milioni 2.3 zilizokokotolewa. Chagua humo, pika, maliza.

#36 Kitangari_Kemia

Nilijaribu ndugu. Nilipakua programu ya bure ya kukokotoa, nikaweka molekuli moja ya pete nne kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Siku ya kwanza feni inalia, siku ya pili inalia, usiku wa siku ya tatu umeme ukakatika na betri ni ya zamani. Nikaanza upya kwa kukata mikia yote, nikaacha pete tupu, ikamaliza kwa saa sita. Kwa hiyo inawezekana hata Kitangari, ukijua cha kupunguza.

Ila kompyuta inakuambia ngazi za elektroni, haikuambii kama molekuli itaganda fuwele au itakuwa lami. Na haikuambii vile viwili vitasukana vipi vikichanganywa. Mimi ningetaka iulizwe kwa mpangilio mwingine: nipe kwanza zile zinazopikika kwa hatua tatu kutoka malighafi ya tani, HALAFU ndani ya hizo nipe yenye ngazi nzuri.

#37 Ligula_Kompyuta

Ukianza hivyo unaweza kuzikosa bora zaidi ambazo njia rahisi ya kuzipika itagunduliwa kesho. Mimi ningeanza na ufanisi.

#38 Kitangari_Kemia

Hapo hatutakubaliana, na ni sawa.

#39 MamaBangua_Mtwara

Mimi naomba kitu kimoja tu. Mkifika mahali pa kuhitaji ganda, msije na lori kulichukua kwa bei ya kuni. Njooni mtufundishe kulichemsha hapahapa.

#40 Binti_Shangani

Wakuu, nimeamua kujaribu. Leo asubuhi nimekata ile khanga isiyopauka vipande vitatu sawasawa. Kimoja kwenye kamba, kimoja ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa juani, kimoja kabatini gizani. Nitaleta majibu.

#41 Nusu_Nanomita

Safi sana! Ongeza cha nne: chini ya kioo lakini wazi kwa hewa. Kioo chenyewe kinazuia sehemu ya ule mwanga mkali, bila hicho cha nne hutajua kilichookoa ni kioo au kukosa hewa.

#42 Kitangari_Kemia

Na kwenye chupa weka stiliwaya yenye unyevu kidogo, isigusane na kitambaa. Ikipata kutu inakula oksijeni iliyobaki.

#43 FundiSola_Masasi

Mwalimu, umeingiza unyevu. Unyevu ndio adui wangu wa kwanza!

#44 Binti_Shangani

Basi nafanya chupa mbili, yenye stiliwaya na isiyo nayo. Jumla vipande vitano.

#45 Binti_Shangani (wiki ya tatu)

Majibu ya kwanza. Nimevipanga juu ya meza, mchana, karibu na mlango. Cha kamba kimepauka, unaona hata ukiwa umesimama barabarani. Cha chini ya kioo kilicho wazi kimepauka kidogo. Cha kabatini hakijabadilika. Cha chupa kavu ni chekundu, nikikiweka sambamba na cha kabatini naona tofauti ndogo sana. Cha chupa ya stiliwaya rangi imebaki ila kina madoa ya kahawia upande mmoja, nadhani ni kutu iliyotiririka.

#46 FundiSola_Masasi

Hizo chupa kifuniko uliziba na nini?

#47 Binti_Shangani

Nta ya mshumaa.

#48 FundiSola_Masasi

Mchana juani haikulainika?

#49 Binti_Shangani

Ililainika siku ya pili. Nikahamia gundi ya mafundi viatu.

#50 FundiSola_Masasi

Chupa zisifunguliwe. Ziache hivyo mpaka masika, nakuja Mtwara mwezi wa nne kufunga kazi Naliendele, nitapita niangalie ukingo wa hiyo gundi.